Vidonge vya foliki asidi visiachwe kwa hofu ya jeni

Ndugu Mhariri,

Tupatie nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wazazi, wakunga na wenye maduka ya dawa wa Mwanza na Kanda ya Ziwa kwa jumla.

Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, hasa wazazi wa watoto wenye usonji, unasambazwa ujumbe wenye madai matatu. La kwanza, kwamba usonji unasababishwa na jeni iitwayo MTHFR. La pili, kwamba mwanamke mwenye jeni hiyo akimeza foliki asidi anajilisha sumu. La tatu, kwamba dawa yake ni kupeleka mate maabara ya nje yakapimwe vinasaba, kisha anunue folati ya aina nyingine, iliyokwisha kuungwa na methili (kipande kidogo cha kaboni na hidrojeni), kwa bei ambayo familia ya kawaida inaikopea. Madai haya yameazima maneno ya utafiti wa kweli, ndiyo maana yanaaminika. Lakini yamepindishwa, na mjamzito anayeacha vidonge vya kliniki kwa kuyaamini anatupa kinga iliyothibitishwa ili kukimbia hatari ambayo haijathibitishwa. Hilo linatuuma, na ndilo lililotufanya tuandike.

Folati ni vitamini B9. Iliyomo kwenye mboga za majani na jamii ya kunde ndiyo tunaiita folati. Inayotengenezwa kiwandani na kutiwa kwenye vidonge au unga ni foliki asidi. Mwili huibadilisha hatua kwa hatua mpaka ipatikane ile inayozunguka kwenye damu, iliyobeba kikundi cha methili. Hatua ya mwisho ya mabadiliko hayo hufanywa na kimeng'enya cha MTHFR. Folati ikishapata methili huikabidhi homosisteini, moja ya asidi amino za mwilini, kwa msaada wa vitamini B12. Homosisteini inageuka methionini, na kutoka kwenye methionini mwili unapata methili za kuwekea alama kwenye DNA, alama zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Ubongo wa mtoto unapoumbwa kazi hiyo hufanyika kwa kasi kubwa, na seli zinazogawanyika zinahitaji folati hiyohiyo ili kutengeneza DNA mpya. Kwa hiyo aliyeanza kuuliza kama kasoro ya folati inaweza kugusa ukuaji wa ubongo aliuliza swali la maana.

Sasa jeni yenyewe. Kila mtu ana jeni ya MTHFR, nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kusema "fulani ana MTHFR" ni sawa na kusema fulani ana ini. Kinachotofautiana ni herufi moja ya DNA kwenye nafasi ya 677, ambako baadhi ya watu wana T mahali pa C. Timu ya Rima Rozen huko Montreal, Kanada, iliieleza tofauti hiyo mwaka 1995. Herufi T hukifanya kimeng'enya kilegee upesi kikipata joto. Mwenye T moja hubaki na nguvu ya kimeng'enya kama 65% ukimlinganisha na mwenye C mbili; mwenye T mbili hubaki na kama 30%. Nguvu imepungua, haijaisha. Ipo tofauti nyingine kwenye nafasi ya 1298, nayo ikiwa peke yake athari yake ni ndogo zaidi.

Uhusiano na usonji ulipata uzito mwaka 2011, watafiti wa California walipolinganisha watoto wenye usonji na wasio nao. Mama waliosema walimeza vitamini za ujauzito kuanzia miezi mitatu kabla ya kushika mimba na katika mwezi wa kwanza wa mimba walikuwa na watoto wachache zaidi wenye usonji. Waliokosa vitamini hizo na wakati huohuo wakawa na T mbili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto mwenye usonji. Mwaka uliofuata watafiti haohao wakapima kiasi: mama waliopata angalau mikrogramu 600 za foliki asidi kwa siku katika mwezi wa kwanza wa mimba walikuwa na nafuu, na nafuu hiyo ilionekana zaidi pale ambapo mama au mtoto ana T. Msomaji aliangalie vizuri hilo. Foliki asidi, ileile inayoitwa sumu kwenye WhatsApp, iliwafaa zaidi wenye jeni dhaifu.

Norwei, nchi ambayo haichanganyi foliki asidi kwenye unga, ilitoa takwimu kubwa zaidi mwaka 2013. Watoto 85,176 walifuatiliwa. Kwa mama waliomeza foliki asidi katika kipindi cha kuanzia wiki 4 kabla ya mimba hadi wiki 8 baada yake, watoto 64 kati ya 61,042 waligundulika kuwa na usonji kamili, yaani 0.10%. Kwa wasiomeza, walikuwa 50 kati ya 24,134, yaani 0.21%. Baada ya kuzingatia tofauti nyingine za mama hao, nafuu iliyobaki ilikuwa kama 39%. Watafiti walijiuliza pia kama hiyo ni tabia tu ya mama wanaojali afya, wakaangalia waliotumia mafuta ya samaki. Hao hawakuonyesha nafuu ya aina hiyo. Hata hivyo utafiti huu ni wa kufuatilia watu, hakuna aliyepangiwa kumeza au kutomeza, na kwa hiyo hauwezi kusema peke yake kwamba foliki asidi ndiyo iliyozuia.

Mwaka huohuo wa 2013 watafiti wengine waliunganisha tafiti nane zilizokwisha kufanyika kuhusu T ya 677 na usonji. Walipozigawa kwa nchi, uhusiano ulionekana kwenye nchi ambazo unga hauongezewi foliki asidi, na haukuonekana kwenye nchi ambazo unga unaongezewa. Kwa maneno mengine, udhaifu wa jeni hujitokeza pale folati inapokuwa haba chunguni, ikitosha, hauonekani.

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi watulie na kupiga hesabu. Katika Afrika kusini mwa Sahara T ya 677 ni adimu. Kwa kawaida haifiki nakala 10 katika kila nakala 100. Mexico inakaribia nusu ya nakala zote. Hata tukichukua 10 katika 100 kwa ajili ya hesabu, mtu wa kupata T kwa baba na nyingine kwa mama ni 0.1 mara 0.1, yaani mmoja katika 100. Ukipima mate ya wazazi 100 wa Nyamagana na Ilemela wenye watoto wenye usonji, wengi wao mno wataletewa jibu la C mbili, na mtoto wao bado ana usonji. Kipimo kitakuwa kimekula fedha bila kueleza kitu. Na yule mmoja mwenye T mbili? Naye hajaelezwa, maana watu wenye T mbili wako mamilioni duniani na walio wengi kabisa hawana usonji wala watoto wenye usonji.

Usonji unarithiwa kwa sehemu kubwa, ni kweli. Utafiti wa nchi tano uliochapishwa 2019, uliohusisha watoto zaidi ya milioni 2, ulikadiria sehemu ya urithi kuwa kama 80%. Lakini urithi huo umetawanyika kwenye mamia ya jeni, na nyingi hazihusiani na folati hata kidogo. Tunalisema hili kwa sababu ya lawama wanazobebeshwa kinamama na mawifi na wakwe, na mara nyingine na waume zao: "hukumeza vidonge, ndiyo maana." Rudini kwenye takwimu za Norwei. Katika kila watoto 1,000 ambao mama zao hawakumeza foliki asidi kabisa, karibu 998 hawakuwa na usonji kamili. Na waliomeza nao walipata watoto wenye usonji. Hakuna mtu, awe daktari au wifi, anayeweza kumwangalia mtoto mmoja akasema huyu ni wa vidonge.

Kuhusu ile folati ya methili ya bei kubwa, hoja ya wauzaji ni kwamba mwenye T hawezi kuitumia foliki asidi. Si kweli. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinaeleza kwamba mwenye T mbili akipata kiasi kilekile cha foliki asidi, folati kwenye damu yake huwa chini kwa kama 16% tu kuliko mwenye C mbili. Tena majaribio yaliyothibitisha kinga ya mgongo wazi yalifanywa kwa foliki asidi, hayakufanywa kwa folati ya methili. Chama cha madaktari wa vinasaba cha Marekani kilishauri tangu 2013 kwamba kipimo cha MTHFR kisiagizwe hata kwa mwanamke anayechunguzwa kwa mimba kuharibika mara kwa mara, kwa kuwa jibu lake halibadilishi tiba. Fedha hiyo ikalipie nauli na mazoezi ya mawasiliano ya mtoto. Mtoto asiyegeuka akiitwa jina lake afikapo mwaka mmoja, asiyeonyesha kitu kwa kidole, asiye na neno hata moja kwenye miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili kwenye miaka miwili, apelekwe kuonwa mapema bila kungoja kipimo chochote cha jeni.

Mgongo wazi tumeutaja na hatutaupita hivihivi, maana huko hakuna ubishi. Mwaka 1991 jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilionyesha kwamba mama waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, wakimeza 4 mg za foliki asidi kila siku kuanzia kabla ya mimba, kasoro hiyo ilipungua kujirudia kwa 72%. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza inawapokea watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa kutoka mikoa yote ya kanda hii. Mfereji wa neva, ambao ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Siku hiyo mwanamke amekosa hedhi kwa kama wiki mbili tu. Wengi hapa kwetu huanza kliniki miezi mitatu imekwisha kupita. Vidonge anavyopewa siku hiyo vitamsaidia damu yake na vitamsaidia mtoto kukua, lakini kwa mgongo wazi muda umekwisha, na tafiti za usonji tulizozitaja zinaelekeza kipindi kilekile cha mwanzo kabisa.

Kwa hiyo mahali pa kutoa foliki asidi ni kabla ya kliniki ya wajawazito. Mwanamke anayekuja kutoa kijiti, au anayesema mwezi huu harudii sindano, amekwisha kutamka kwamba anataka mtoto. Apewe foliki asidi hapohapo, 0.4 mg kila siku, aimeze angalau mwezi mmoja kabla na aendelee mpaka wiki ya 12. Mama aliyeleta mtoto kwa chanjo ya surua ya miezi 18 naye aulizwe mipango yake. Hayo ni maswali ya dakika moja kwenye dirisha ambalo tayari lipo.

Tatizo ni kwamba kidonge cha 0.4 mg peke yake ni adimu kwenye maduka yetu. Kinachopatikana kila kona, kuanzia Buzuruga mpaka visiwani Ukerewe, ni kile kidogo cha njano cha 5 mg, kinachotolewa kwenye kopo la vidonge 1,000 na kuhesabiwa kwenye bahasha ya karatasi. Watu wanaona udogo wake wanadhani ni dozi ndogo. Hiyo 5 mg ni mikrogramu 5,000, mara kumi na mbili na nusu ya 0.4 mg. Kukikata hakusaidii sana: robo yake ni 1.25 mg, bado imepita 1 mg, kiwango cha juu cha foliki asidi kwa mtu mzima asiye na maelekezo ya daktari. Kiwango hicho kiliwekwa kwa sababu dozi kubwa inaweza kurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa B12 huku neva zake zikiendelea kuharibika kimyakimya. Na kwa usonji wenyewe, utafiti wa Boston wa mwaka 2018 uliopima damu ya mama 1,257 baada ya kujifungua uliona kwamba watoto wa mama waliokuwa na folati ya juu kupindukia nao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa usonji. Upungufu una shida zake na kuzidisha kuna shida zake. Anayemwambia mama ameze viwili vya 5 mg "ili mtoto awe na akili" anakisia kwa mwili wa mtu mwingine.

Ipo sababu nyingine ya kuiogopa 5 mg ambayo ni yetu zaidi watu wa ziwa, na ni malaria. Mjamzito hupewa SP, dawa ya kumkinga na malaria, kliniki: vidonge vitatu kwa mkupuo, anavimeza mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kisha tena kila ziara mradi mwezi mmoja umepita, mpaka atakapojifungua, na dozi zisipungue tatu. Kila kidonge kina sulfadoksini 500 mg na pirimethamini 25 mg. Vimelea vya malaria hujitengenezea folati yao, na dawa hizi mbili huziba hatua mbili tofauti za utengenezaji huo. Sasa mama akiwa na 5 mg za foliki asidi kwa siku, vimelea vinaokota folati iliyojaa kwenye damu na kuikwepa dawa. Kenya magharibi, kwa majirani zetu, jaribio lililochapishwa 2006 liliwagawa wajawazito wenye vimelea: wengine 5 mg, wengine 0.4 mg, wengine kidonge kisicho na dawa, wote wakiwa wamepewa SP. SP ilishindwa zaidi kwa waliomeza 5 mg. Kwa waliomeza 0.4 mg ilifanya kazi kama kwa wasiomeza chochote. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba foliki asidi ya 5 mg au zaidi isitolewe pamoja na SP.

Na hapa makosa hutokea kwa nia njema kabisa. Mama amepewa FEFO, vidonge vya chuma na foliki asidi kwa pamoja, kliniki, vimekwisha au vimemletea kichefuchefu, anaenda duka la dawa anaomba "vidonge vya damu", anapewa vya chuma kando na foliki ya 5 mg kando. Wiki ijayo anameza SP. Hakuna aliyemuuliza. FEFO yenyewe haina tatizo hilo, kwa kuwa kidonge kimoja huwa na chuma 60 mg na foliki asidi 0.4 mg. Kwenye baadhi ya makopo utasoma chumvi ya chuma 200 mg. Usishtuke, chuma halisi ndani ya hizo 200 ni kama 60. Mengine huandikwa foliki asidi 0.25 mg, basi ijulikane kwamba hiyo ni chini ya 0.4. Kichefuchefu hupungua akimeza usiku baada ya chakula, choo cheusi ni cha kawaida, na chai ikae mbali na kidonge kwa saa moja au mbili. Mahali ambapo hakuna kabisa ila 5 mg, basi isimamishwe kwa wiki mbili baada ya kila dozi ya SP.

Wapo ambao 5 mg ni haki yao. Wenye selimundu, ambao Kanda ya Ziwa inao wengi, huandikiwa 5 mg kila siku kwa sababu damu yao huvunjika na kutengenezwa upya bila kupumzika. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi naye huandikiwa dozi kubwa. Hao wasiache vidonge kwa kusoma barua hii; wamwambie muuguzi kabla ya SP, daktari apange kinga yao ya malaria. Anayetumia Septrini kila siku kwa ajili ya VVU hapewi SP kabisa, maana dawa zote mbili ni za jamii moja na madhara yake huongezeana. Mwenye kifafa anayetumia valproate aonane na daktari kabla ya kushika mimba. Dawa hiyo inasumbua matumizi ya folati, inaongeza mgongo wazi, na utafiti wa Denmark wa 2013 uliona usonji kwa 4.42% ya watoto waliozaliwa na mama walioitumia wakiwa wajawazito, huku kwa watoto wote ikiwa 1.53%. Foliki asidi haifuti hatari hiyo. Asiikatishe mwenyewe ghafla, degedege linaweza kumuua yeye na mtoto. Abadilishiwe dawa mapema.

Chakula. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina folati kama mikrogramu 350, choroko kama 320, dengu kama 280, maharage kama 230. Mwanamke mzima anahitaji 400 kwa siku na mjamzito 600. Ugali wa udaga wa mihogo hauna folati ya kutegemea, wala sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe. Mchicha, majani ya maboga na matembele yanayo, lakini folati huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto na jua. Osha majani yakiwa mazima kisha ndipo ukate, tia maji kidogo, funika, dakika chache tu, na usimwage mchuzi. Nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, ni mboga nzuri ya kiangazi yenye madini, ila sehemu kubwa ya folati yake imekwisha kupotelea kwenye maji na jua. Anayeitegemea aongeze kunde zenyewe. Maini yana folati nyingi, lakini mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku kwa ajili ya vitamini A iliyozidi. Wenye ziwa wana bahati moja kubwa: sato, sangara na dagaa wana B12, ambayo bila hiyo folati hunasa ikiwa na methili yake isiweze kuikabidhi homosisteini. Dagaa na maziwa vinaleta pia B2, ambayo kimeng'enya cha MTHFR huishikilia kama kiungo chake cha kazi. Na kile cha T, ambacho huiachia kwa urahisi, ndicho kinachoihitaji zaidi.

Unga wa ngano wa viwandani huongezewa foliki asidi kwa kanuni za nchi zilizowekwa kwanza mwaka 2011. Lakini mahindi na mihogo ya watu wengi wa kanda hii hupita kwenye mashine ya mtaani, haigusi kiwanda. Vipo vifaa vya kufunga kwenye mashine ndogo, vinavyopima na kudondosha virutubishi unga unaposagwa. Vinafanya kazi vizuri pale vinapotunzwa. Vinashindwa pale mfuko wa virutubishi unapoachwa wazi juani, unapopitwa na tarehe, au mwenye mashine anapoacha kifaa kitupu kwa kuwa hakuna mteja anayeuliza. Wateja waulize.

Jambo moja la mwisho kwa wazazi wenye watoto ambao tayari wana usonji. Mwaka 2025 mlisikia kutoka Marekani habari za dawa iitwayo lukovorini, yaani asidi foliniki. Habari hiyo haihusu MTHFR. Wapo watoto ambao mwili wao hutengeneza kingamwili zinazoziba mlango unaopitisha folati kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, na asidi foliniki hupita mlango mwingine. Jaribio lililochapishwa 2018 lilikuwa na watoto 48 kwa wiki 12, na lilionyesha maendeleo ya kuzungumza, hasa kwa wenye kingamwili hizo. Ni idadi ndogo. Tiba hiyo ni ya daktari bingwa, kwa mtoto aliyechunguzwa. Foliki asidi ya njano ya dukani haiwi mbadala wake. Yenyewe hung'ang'ania mlango uleule wenye shida, na mtoto anayepewa vidonge hivyo kila asubuhi anaweza kuwa anazibiwa zaidi.

Tunayoomba kwa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya ni haya: kidonge cha 0.4 mg kiagizwe peke yake na kifike zahanati zote, visiwani pia, kikiwa kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala unyevu. Kitolewe kwenye dirisha la uzazi wa mpango. Na kila muuguzi, kabla ya kumpa mama SP, amwombe aonyeshe vidonge alivyo navyo kwenye mkoba. Wenzetu wa maduka ya dawa, mnapohesabu foliki asidi kwenye bahasha, andikeni nje kwa tarakimu kubwa kama ni 0.4 au 5, na kama ni 5, andikeni "isimezwe na SP".

Wenu,
Wafamasia wawili,
Ilemela, Mwanza